'Niko fiti' nusura initie kaburini

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni boda niliyopanda ilipoteleza kwenye matope. Nikaangukia ukingo wa barabara kwa ubavu wa kushoto. Sikuvunjika mfupa, wala sikutoka damu. Nikajipangusa, nikamwambia jamaa wa boda, "Niko fiti, twende." Nikanunua tembe za maumivu dukani, maisha yakaendelea.

Bega la kushoto lilipoanza kuuma, nililaumu godoro la hosteli. Siku ya sita nikazimia nikiwa kwenye foleni ya chakula. Kumbe wengu ulikuwa umepasuka na damu inavujia tumboni.

Wengu, au bandama, umejificha chini ya mbavu za kushoto. Ni mkubwa kama ngumi hivi, unachuja damu na kupigana na bakteria. Ukigongwa unaweza kupasuka papo hapo. Lakini pia damu inaweza kujikusanya ndani kimyakimya, kisha upasuke siku au hata wiki kadhaa baadaye. Kwa hivyo ukianguka kisha uumwe tumbo upande wa kushoto au bega la kushoto, usikie kizunguzungu na kutokwa jasho baridi, kimbia hospitali. Usingoje kesho.

Si kila wengu uliopasuka hutolewa; mwingine madaktari huuchunga hadi ukapona. Wangu ulitolewa. Karo yote ikaishia kwa bili, na hivyo ndivyo nilivyoaga chuo. Nilitoka wodini na risiti na tarehe ya kutolewa nyuzi, basi. Hakuna aliyenitajia chanjo.

Miezi minane baadaye homa ikanishika jioni. Nikasema nini? Niko fiti. Mama hakunisikiza, akaita teksi. Kufika hospitali sikuwa najitambua: bakteria walikuwa wamejaa kwenye damu. Asiye na wengu, homa kama hiyo inaweza kummaliza kwa saa chache tu.

Na hii si habari mpya. Madaktari Marekani waliandika kuhusu hatari hii tangu 1952. Chanjo za kukinga bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo zipo. Hata malaria humlemea zaidi mtu asiye na wengu, kwa hivyo ukienda ushago kuliko na mbu, neti si mapambo.

Hospitali zetu zikome kumtoa mgonjwa wa aina hii bila kumweleza kwa Kiswahili cha kawaida: chanjo gani, lini, na kwamba homa yoyote ni dharura. Kadi ndogo ya kuweka kwa pochi ingetosha.

Nasi vijana tuache ushujaa wa bure. Najua utasema hospitali ni pesa. Ni kweli, manze. Lakini mimi nilikwepa kulipia uchunguzi wa siku moja, nikaja kulipa kwa upasuaji na masomo. Siku hizi nikiulizwa hali baada ya kuanguka, najibu, "Sijui, wacha daktari aangalie."