Makanisa ya Garissa yaketi meza moja

Makanisa ya Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya yanahitaji baraza moja la kudumu la usalama na ustawi wa waumini, badala ya kila dhehebu kujifungia kivyake.

Jumapili ya Julai 1, 2012, washambuliaji walilenga kanisa la AIC (Africa Inland Church) na kanisa kuu la Katoliki mjini Garissa asubuhi ileile. Katika AIC pekee, guruneti na risasi ziliua watu wasiopungua 15. Muuaji hakubagua dhehebu. Baadaye viongozi wa Kiislamu walijitolea kupanga vijana wa kulinda makanisa, na inatia haya kwamba jirani awe na mpango kabla ya wenye nyumba.

Tena, Wakristo wengi hapa ni walimu, wauguzi, askari na wanafunzi wa kutoka kaunti nyingine. Barua ya uhamisho ikifika, mweka hazina anaondoka na kamati inalegea. Kanisa la namna hiyo haliwezi peke yake kusafirisha maiti ya muumini aliyefia hapa hadi kwao Kitui au Kisii.

Wenye mamlaka ya kuitisha kikao cha kuunda baraza hilo wakiitishe mwezi huu, na kisivunjike kabla ya kukubaliana mfuko mmoja wa dharura na msemaji mmoja mbele ya serikali na maimamu.