PAMBA YETU NA WAFUMAJI WA SARI



Wenzetu wengi wa Homa Bay na Migori wameona sari. Wameiona dukani, au imevaliwa na mke wa mwenye duka, wakasema, "Hiyo ni nguo ya matajiri." Sisi twataka kuwapa habari za mtu asiyejulikana huku kwetu, yaani yule aliyeifuma. Yeye si tajiri. Ni mfanya kazi kama sisi, na mambo yake yatufaa sana sisi tulio katika nchi ya pamba.

Sari ni nguo moja ndefu isiyoshonwa. Urefu wake wa kawaida ni meta 5 na nusu hivi, na nyingine za kizamani zapita meta 8. Katika kusini ya Bara Hindi, kwenye majimbo kama Tamil Nadu, Kerala na Andhra Pradesh, sari za pamba zingali zinafumwa kwa mkono. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nyuzi za mtande huvutwa njiani mbele ya nyumba na kupakwa uji wa mchele ili zisikatike. Halafu mfumaji huketi, miguu yake ndani ya shimo, akikanyaga vibao vya kupandisha na kushusha mtande, na mkono wake ukipitisha mshindio huku na huku. Pindo la rangi nyingine likifumwa kwa njia ya kizamani, hutakiwa mtu wa pili wa kusaidia. Sari moja ni kazi ya siku kadhaa, na ya nyumba nzima, maana yuko wa kutengeneza mtande na yuko wa kuviringisha uzi.

Je, ujira wao ni nini? Hulipwa kwa kipande. Serikali yao ilipowahesabu mwaka 2019-20 ilikuta watu zaidi ya 3,500,000 katika kazi hii, na katika kila 100, wanawake walikuwa 72. Karibu theluthi mbili ya nyumba hizo hazikupata rupia 5,000 kwa mwezi. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mahali pengi tajiri huwapa wafumaji uzi, tena huwakopesha fedha, kisha huchukua nguo kwa bei aipendayo yeye. Mwenye uzi na mwenye soko ndiye mwenye bei. Mfumaji ana mikono yake tu.

Hata hivyo kazi hiyo haikufa. Katika karne ya 19 nguo za viwanda vya Uingereza zilijaa Bara Hindi, na watu wakasema mfumaji wa mkono amekwisha. Lakini tarehe 7 Agosti 1905, mjini Calcutta, watu walikutana wakaazimia kukataa bidhaa za Uingereza na kutumia za kwao. Mwaka 1935 vyama vya ushirika vya wafumaji wa Madras viliunda chama chao kikuu, kinachoitwa Co-optex, cha kuwauzia nguo zao, nacho kingali kinafanya kazi. Mwaka 1985 ikatungwa sheria ya kuweka aina fulani za nguo, na sari za namna fulani zimo, zifumwe kwa mkono tu. Mambo haya hayakuondoa umaskini, na wako wenye mashine wanaoivunja sheria hiyo. Lakini mfumaji amebaki na mahali pa kusimama.

Sasa tutazame kwetu. Zamani wazee wetu wa reli walipakia marobota ya pamba katika meli za Ziwa, kutoka Homa Bay na Kendu Bay mpaka Kisumu. Mwaka 1984/85 Kenya ilipata marobota karibu 70,000. Baada ya soko kufunguliwa mwaka 1991 zao lilianguka sana, na kiwanda cha KICOMI cha Kisumu kikafungwa katika miaka hiyo ya 1990. Mkulima wa pamba huambiwa bei akiwa tayari amefika kwenye mizani, na nguo anayoivaa hutoka katika robota la mitumba. Je, huyu si ndugu wa yule mfumaji?

Wako wanaosema, "Hayo ni mambo ya Wahindi." Twawajibu hivi: reli hii ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa kazini. Tena Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab, alikamatwa mwaka 1950 kwa ajili ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, asiachiliwe mpaka 1961. Shida ya mfanya kazi haiulizi kabila.

Wengine husema mitumba ni rahisi. Ni kweli, na sisi pia twaivaa, kwa kuwa mshahara ndio huo. Wala hatusemi kila mtu ajifunze kufuma. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilizinduliwa upya mwaka 2019 kwa mitambo iliyopatikana kwa mkopo wa Bara Hindi, na twafurahi. Lakini mtambo mpya bila umoja wa walio chini utamtajirisha mwenye soko peke yake.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, wakulima wa pamba wa Homa Bay na Migori wauze kwa pamoja, na mtu wao mwenyewe asimame penye mizani. Pili, mafundi cherehani wa miji yetu waungane, wanunue vitambaa kwa jumla na waombe kazi za sare za shule kwa jina moja. Tatu, chama chetu kikienda kupatana na wakubwa habari za sare za kazi, kidai kitambaa kilichofumwa Kenya kwa pamba ya Kenya. Jambo hili la tatu liko mikononi mwetu wenyewe. Kila tawi lilijadili katika mkutano wake na kupeleka azimio kwa katibu.

Uzi mmoja hukatwa kwa vidole viwili. Zikifumwa pamoja, huwa nguo.

Umoja ni nguvu.