Laini mbili za intaneti kwa ruta moja? Unajidanganya

Juni 30 mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya saiba moja mtaani kwetu, tukingoja kujaza ritani za KRA kabla ya saa sita usiku. Stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ruta ikaungua.

Mwenye saiba alikuwa akijigamba kwamba kwake intaneti haipotei. Ana faiba ya kampuni moja na modemu ya laini ya simu ya kampuni nyingine, na zote analipia kila mwezi. Na kweli, siku hiyo laini zote mbili zilikuwa sawa. Shida ni kwamba zote zilipitia kisanduku kimoja, nacho kilikuwa kinanuka moshi.

Alikimbia Luthuli kununua kingine. Alipomaliza kukiseti ilikuwa usiku, na wengi walikuwa wameshaenda. Mama aliyekuwa mbele yangu aliniambia baadaye kwamba alipigwa faini ya Sh2,000. "Kijana wangu, hiyo ilikuwa pesa ya stoki," alisema.

Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, sote tuliona hatari ya kutegemea njia moja. Lakini somo hilo tunaliacha mlangoni. Tunanunua njia mbili, halafu tunazipitisha kwenye mlango mmoja.

Hebu tuelewane. Kila kompyuta kwenye mtandao wa ndani hupewa anwani moja ya kutokea nje, tuseme 192.168.1.1. Hilo ndilo lango lake. Lango likifa, kompyuta haitafuti lingine, inaendelea kubisha palepale. Kwa hivyo hata ukiweka ruta ya pili kando yake, bila mpango haisaidii kitu.

Mpango wenyewe upo tangu 1998 na unaitwa VRRP. Ruta moja inapewa .2, nyingine .3, halafu zote mbili zinashirikiana ile .1. Ruta kubwa inatangaza kila sekunde moja kwamba iko hai. Ikinyamaza kwa sekunde kama tatu, msaidizi anaichukua .1 na kazi inaendelea. Kwenye kompyuta hubadilishi chochote. Pengine mteja atalazimika kuingia upya kwenye akaunti yake, lakini hatarudi nyumbani bila huduma.

Najua utasema: ruta ya pili ni gharama. Sawa, lakini tayari unalipia laini ya pili kila mwezi, na ruta unainunua mara moja. Ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wa hapa wanazijua, zina VRRP ndani yake. Kama una kompyuta kuukuu inayokula vumbi, weka Linux na programu ya keepalived, ambayo ni ya bure.

Sisemi kila bedsita iwe na ruta mbili. Ukikwama kwako, washa hotspot ya simu, maisha yaendelee. Nazungumzia saiba, zahanati, shule, na zile ofisi ndogo ambako vijana kumi wanafanya kazi za mtandaoni za kulipwa kwa saa. Hapo ruta ikifa, mtu amekosa riziki.

Na fundi asikuuzie ruta mbili kisha azichomeke kwenye ekstenshoni moja. Stima ikirudi vibaya, zitaungua pamoja. Muulize pia: laini ya nje ikikatika na ruta ikabaki hai, itajuaje kwamba inafaa kumwachia mwenzake? Ni lazima iambiwe kuchunguza laini na kujishusha cheo. Bila hivyo itaendelea kutangaza kwamba iko hai, huku hakuna anayetoka nje.

Mwisho, usimlipe fundi kabla hujang'oa waya wa stima wa ruta kubwa kwa mkono wako, mchana, watu wakiwa kazini. Intaneti ikirudi yenyewe, toa pesa. Isiporudi, bado mko wawili hapo na kuna wakati wa kurekebisha.

Sisi vijana ndio tunaoseti mitandao hii mitaani. Mteja hajui maana ya lango, anajua tu kwamba ametuamini. Tahadhari kabla ya hatari, bana. Juni 30 inarudi kila mwaka.