Vijana na Riziki: Kazi ya Mshauri wa Daftari la Wateja

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo kabla ya kuwako kompyuta wala simu, na leo, katika mitaa ya Kariakoo, maneno yao yangali kweli. Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya kazi moja ambayo wengi hawaijui hata jina, ijapokuwa mizizi yake imo katika kila duka la Mtaa wa Kongo, wa Msimbazi na wa Aggrey. Nayo ni kazi ya mshauri wa programu za wateja.

Tumeliingia jambo hili kwa kuwa wazazi hutujia na kutuuliza. Mtoto amekwisha kuhitimu, ana stashahada ya kompyuta, naye yuko nyumbani mwaka wa pili akingoja kuitwa kazini. Ada ililipwa kwa taabu, pengine kwa kuuza dhahabu ya mama. Sasa kijana aona haya kukaa kwenye sinia moja na wadogo zake, na baba aona haya kumtazama. Hili si jambo dogo. Kijana aliyekata tamaa huokotwa na kila mlaghai apitaye, na nyumba iliyokata tamaa huacha kuwasomesha wadogo waliobaki. Kwa hiyo yatupasa kutafuta milango, na mlango huu mmoja uko karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Programu hizi ni nini? Ni daftari la wateja lililowekwa katika kompyuta na simu, ambalo watu kadhaa wa biashara moja waweza kuliandika na kulisoma kwa wakati mmoja. Ndani yake huandikwa jina la mteja, namba yake, mji atokako, alichonunua, alichoulizia akakikosa, anachodaiwa, siku aliyoahidi kulipa, na malalamiko yake ikiwa anayo. Kisha programu yenyewe hukumbusha: leo mpigie fulani, kesho mzigo wa fulani wapanda basi.

Ulimwenguni kazi hii ina umri wa miaka thelathini na kitu. Kampuni ya Siebel Systems ilianzishwa Marekani mwaka 1993, ikawa kubwa hata ikanunuliwa na Oracle mwaka 2006. Salesforce ilianzishwa San Francisco mwaka 1999, nayo ikaeneza desturi ya kutumia programu kwa njia ya intaneti na kuilipia kidogo kidogo, pasipo mwenye biashara kununua mitambo mikubwa. Baadaye zikaenea nyingine: Zoho yenye makao yake India, Odoo ya Ubelgiji, na HubSpot ya Marekani iliyoanza mwaka 2006. SuiteCRM, iliyotoka mwaka 2013, ni programu ya wazi, na yeyote aweza kuichukua na kuitumia bila ya kununua leseni.

Mtu ataweza kusema: Hayo ni ya Marekani, yahusu nini Kariakoo? Twamjibu kwamba yahusu sana. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo hauzii watu wa Dar es Salaam peke yao. Wateja wake wako Mbeya, Mwanza na Mtwara, na wengine hutoka Zambia, Malawi, Kongo na Visiwa vya Ngazija. Zamani walikuja wenyewe, akawajua kwa sura na kwa jina la baba. Lakini tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na simu zikazidi kuenea, mteja hutuma fedha kwa simu, huchagua bidhaa kwa picha, na mzigo humfuata kwa basi. Mwenye duka aweza kufanya biashara na mtu miaka mitatu asimwone uso. Macho yasipoona, kalamu ndiyo ya kushika mahali pake.

Tena kuna mali kauli. Mteja huchukua mzigo kwa neno lake tu, alipe akisha kuuza. Desturi hii imewainua wengi wasiokuwa na mtaji, na imewaangusha wengi waliokuwa nao. Aghlabu kinachowaangusha ni kusahau, wala si wizi. Huyu akumbuka katoni kumi, yule akumbuka nane. Daftari limelowa chai, au karani aliyeandika amekwisha hama. Moto wa tarehe 10 Julai 2021, uliounguza soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975, ulitufundisha pia kwamba karatasi iliyo mahali pamoja haina nakala wala haina wokovu.

Wasomaji wetu wajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili. Yaamuru deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa. Yamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Na yakataza mwandishi na shahidi kudhuriwa. Kijana atakayeishika kazi tunayoieleza atakuwa katika safu ya waandishi hao. Kalamu yake ni ya umeme, lakini sharti zake ni zile zile.

Sasa tueleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani kwamba mshauri ni fundi wa kutengeneza kompyuta. Sivyo. Wala si lazima awe mtu wa kutunga programu. Yeye ni mtu wa kati, asimamaye baina ya mwenye biashara ajuaye duka asiyejua programu, na programu isiyojua duka.

Tupige mfano wa duka la vyombo vya nyumbani lenye watu watano. Kwanza mshauri hukaa dukani siku kadhaa akitazama: mteja aingiaje, nani ampokea, bei hutajwa wapi, mali kauli huidhinishwa na nani, na mzigo hutoka stoo kwa amri gani. Asiyejua kukaa kimya akasikiliza hataiweza kazi hii hata akiwa na vyeti kumi.

Pili hukusanya habari zilizotapakaa: daftari la kaunta, simu tatu za wafanyakazi, na karatasi za mfukoni. Hapo ndipo penye jasho. Mama mmoja wa Tunduma ataonekana mara nne kwa majina manne. Namba moja imeandikwa kwa sifuri mahali hapa na kwa 255 mahali pale. Kuyasafisha hayo ni nusu ya kazi nzima, na mtu akiyamimina machafu katika programu, atakayoyapata ni machafu yale yale, ila yamepangwa vizuri.

Tatu hupanga daftari jipya, naye apange machache. Mshauri mgeni hupenda kuweka visanduku arobaini vya kujazwa. Muuzaji aliyezungukwa na wateja sita hatajaza arobaini. Atajaza vitano, na siku ya pili hatajaza kitu. Nne huwafundisha watu wa duka, kwa Kiswahili, kila mmoja kwa kazi yake. Tano hurudi baada ya wiki, na baada ya mwezi, kutazama kama wanaandika. Biashara nyingi zimenunua programu nzuri zikaziacha, kwa kuwa hapakuwa na aliyerudi kutazama.

Na hapa twataka kusimama kidogo, kwani kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kumfundisha kijana wetu. Kariakoo ina watu waitwao mawinga. Winga hana fremu wala stoo. Mali yake ni kuwajua wateja. Humpokea mgeni, humfikisha kwenye duka lenye bidhaa aitakayo, naye hupata chochote katika bei. Basi mshauri ajapo na daftari lake, akadai kila namba ya mteja iandikwe, winga huona anaporwa mtaji wake wote kwa siku moja. Atataja namba za uongo, au atahamia duka la jirani. Nani atamlaumu?

Mshauri mwadilifu hulitengeneza jambo hili kabla ya kugusa kompyuta. Humshauri mwenye duka kwamba pawe na mahali pa kuandika aliyemleta mteja, na kwamba kila mteja huyo anunuapo, hata kwa simu kutoka Lubumbashi, fungu la aliyemleta lijulikane na lilipwe. Hapo daftari huwa shahidi wa winga badala ya kuwa mwizi wake. Mwenye duka akikataa, na kusudi lake likiwa ni kuzichukua namba kisha kuwafukuza watu, kijana asimame afikiri: je, ujira huu waufaa mkono wake? Sisi twaona haumfai.

Jambo la pili ni siri. Mwenye daftari la wateja ajua nani anadaiwa, nani amefilisika, na nani anunua nini. Hiyo ni amana. Twasikia wako wanaouza orodha za namba za watu, na ndizo hizo simu zetu zikajaa ujumbe tusiouomba. Kijana ajue kwamba hilo si aibu peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Mwenye kukusanya habari za watu hutakiwa ajisajili, awe na sababu halali, azilinde, na asizitumie kwa jambo jingine. Mshauri aijuaye sheria hii kwa undani ana thamani zaidi ya mwenzake, kwa kuwa wenye maduka wengi hawajaisoma.

La tatu ni madaftari mawili. Mwezi wa Mei mwaka 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kulalamikia mambo ya kodi, na Juni 2024 wakafunga tena. Mwenye malalamiko ana haki ya kuyatoa. Lakini mshauri akiombwa kutengeneza daftari moja la kweli na jingine la kuonyesha wakaguzi, na akatae kwa adabu. Aliyekutuma kusema uongo kwa ajili yake, kesho atakusadiki vipi katika hesabu zake mwenyewe?

Basi kijana aanzie wapi? Aanze na duka, asianze na cheti. Aliyesaidia dukani kwa mjomba wake tangu utotoni amekwisha soma nusu ya kazi hii, ila hakuambiwa. Kisha achague programu moja, si tano. Zoho huruhusu duka dogo lenye watumiaji watatu kuanza bure. HubSpot nayo ina sehemu isiyolipiwa. Salesforce ilifungua mwaka 2014 masomo ya bure katika intaneti yaitwayo Trailhead, ambayo mtu aweza kuyafuata nyumbani usiku. Masomo na mitihani mingi ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo asiyekijua vizuri akisome kwanza, asione haya.

Kisha atafute duka moja la mtu amjuaye, afanye kazi ndogo kwa mapatano yaliyoandikwa: atafanya nini, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na namba za wateja zitakuwa mali ya nani. Akimaliza, aandike karatasi moja ya kueleza hali ilivyokuwa kabla na ilivyo sasa: madeni mangapi yamepata tarehe, wateja wangapi waliopotea wamerudi. Karatasi hiyo, ikiwa ya kweli, ndiyo itakayomfungulia mlango wa kampuni, benki au shule inayotaka mtu wa kazi hiyo.

Ndipo aufikirie mtihani. Mtihani wa Salesforce wa msimamizi, kwa miaka mingi ada yake imekuwa dola 200, na anayeshindwa hulipa tena ili kurudia. Fedha hizo ni nyingi kwa nyumba zetu. Zisitolewe kabla mtoto hajawa tayari. Na ajihadhari na wauzao majibu ya mitihani. Cheti cha kununua humfikisha mtu kazini Jumatatu, na Ijumaa humtoa, na huwachafulia jina vijana wa mji mzima.

Mabinti nao wasisahauliwe. Kazi hii haihitaji kubeba mzigo wala kusafiri usiku. Sehemu yake kubwa, kama kusafisha orodha, kupanga daftari na kuandika taarifa, yaweza kufanywa nyumbani, na wenye maduka wanawake wengi watapendelea kufundishwa na mwanamke mwenzao.

Kwa wazazi twasema: mpeni mtoto muda wa kujifunza, wala msimwite mvivu kwa sababu ameketi mbele ya kompyuta, muulizeni tu kila wiki amejifunza nini, naye aeleze. Kwa wenye maduka twasema: kijana akikutengenezea daftari mlipe, hata akiwa ni mtoto wa ndugu yako. Kuna wanaosema: Ni mwanetu, anajifunza tu. Wewe huwapi wateja wako sufuria kwa sababu unajifunza kuuza. Na kwenu vijana twasema: riziki haiji kwa jina kubwa la kazi. Huja kwa mwenye duka mmoja aliyelala usingizi kwa kuwa ajua nani anamdai na nani anamdaiwa, akamwambia jirani yake nani aliyemwandikia.

Wabillahi tawfiq.