Kushukuru na Kuridhika: Mwaka wa Kwanza Chuoni Baraka

Muulize mwanafunzi wa L1, yaani mwaka wa kwanza, mjini Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, kama anaridhika na chuo chake. Jibu la kwanza linatoka bila kufikiri: "Tunashukuru." Kaa naye kidogo chini ya mwembe, mazungumzo mengine yapite, kisha uulize tena. Safari hii anacheka, anatazama daftari lake, anasema: "Tutafanya je?" Anayeandika jibu la kwanza na kuondoka ataleta ripoti tamu sana kuhusu vyuo vya Fizi.

Shukrani hiyo si ya bure. Kijana wa Ngandja, Lulenge au Mutambala, sekta za Fizi, aliyepata diploma ya Serikali zamani alikuwa na njia mbili: kufunga virago aende Uvira au Bukavu, ama kubaki kijijini na karatasi yake. Kutoka Baraka hadi Uvira, kupitia Nundu, Mboko na Makobola, si mbali ukitazama ramani, lakini barabara ya taifa namba 5 haisomi ramani. Mvua ikinyesha, lori linalala njiani. Mvua ikikatika, kuna vizuizi vya wenye bunduki na vya wanaodai kodi. Ukifika mjini kuna kodi ya chumba, makala ya kupikia na unga wa kununua kwa kipimo. Chuo kilipokuja karibu, mama anayeanika ndagala ufukweni aliweza kumlisha mwanawe bugali na sombe ya nyumbani, akabaki anahangaikia minervali, yaani ada ya chuo, peke yake. Kwa wasichana tofauti ni kubwa zaidi: wazazi wengi wasingethubutu kumtuma binti akapange chumba Bukavu. Na tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, hata wazazi wenye uwezo wanasita. Fizi nayo ina vita vyake, lakini kusoma huku unalala kwenu ni nusu ya usalama.

Kwa hiyo wanaosema vyuo vidogo vya mikoani vifungwe vyote, wanafunzi warudishwe kwenye miji mikubwa, wanazungumza kama watu wasiolipa nauli. Ila ukaribu ni jambo moja, masomo ni jingine, na ukaribu umegeuka pazia la kuficha yanayotokea darasani.

Yanayotokea ni haya. Vyuo vya aina hii vina walimu wakazi wachache, wengi wao maasistanti. Maprofesa ni wageni, wanaishi Bukavu, Uvira au mbali zaidi, na kila mmoja ana vyuo vingine vinavyomsubiri. Kozi iliyopaswa kutandazwa muhula mzima inabanwa ndani ya siku chache, asubuhi hadi jioni, profesa apate kurudi kabla njia haijaharibika. Wiki kadhaa hakuna kitu, wanafunzi wanapiga soga uani. Halafu siku moja habari inaruka kwenye simu kwamba profesa amefika, na watu wanaacha shamba na biashara ya sabuni wakimbilie benchi.

Darasani, daftari liko juu ya magoti. Profesa anasoma kwa Kifaransa, anataja hadi nukta na mwanzo wa mstari mpya, na kalamu mia zinafuata. Katiba ya 2006 imeuita Kiswahili mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini chuoni lugha ni Kifaransa. Sekondari nako ni Kifaransa, ila huko mwalimu mwenyeji, akiona macho yamekauka, huteremka kwenye Kiswahili au Kibembe. Mgeni mwenye haraka hateremki. Kesho yake asistanti anaingia, anafunga mlango, anaeleza kitu kilekile kwa Kiswahili. Kalamu zinalala, vichwa vinainuka. Saa hiyo moja mara nyingi ndiyo kozi yenyewe, na asistanti huyo ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, kama analipwa.

Hapo kuna jambo ambalo mwanafunzi mpya halijui anapojiandikisha. Katika vyuo vya serikali, wafanyakazi wengi bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa. Wanajulikana kwa herufi zao, NU na NP, yaani wapya na wasiolipwa. Posho yao inatoka kwenye ada. Darasa la kwanza kwa kawaida ndilo lenye watu wengi, kwa hiyo ndilo linalobeba chuo mgongoni. Mgeni wa nyumba ndiye mlishaji wake.

Juu ya hayo ukaja mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022. G1 ikawa L1, graduat ya miaka mitatu ikapisha lisansi ya miaka mitatu, mwaka ukahesabiwa kwa krediti 60. Ndani ya kila krediti kuna saa ambazo mwanafunzi anatakiwa kusoma mwenyewe, nje ya darasa. Wazo ni zuri. Lakini saa hizo zinadai maktaba, umeme na intaneti, na mwanafunzi wa Baraka anachaji simu kwa kulipia kwenye kibanda chenye sola, ananunua mega za siku moja, na kitabu anachokijua ni silabusi aliyoitoa fotokopi.

Nchi tajiri zimejaribu kupima kuridhika kwa namna zao. Uingereza ina uchunguzi wa kitaifa tangu 2005, lakini unawauliza walio mwaka wa mwisho. Aliyeondoka mapema hana sauti humo. Marekani, ambako chuo cha jamii cha Joliet kilifunguliwa 1901 kwa wazo lilelile la kumsomesha kijana karibu na kwao, iligundua kwamba mlango mpana unaingiza wengi na pia unatoa wengi. Mtafiti Vincent Tinto, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu wanaoacha chuo, alionyesha kuwa anayebaki ni yule aliyepata mahali pake miongoni mwa walimu na wenzake. Kwa Baraka maana yake ni kwamba asistanti mkazi ana thamani kuliko maprofesa watatu wa kupita, na ada ya L1 ingefaa imlipe yeye kwanza, kabla ya nauli na hoteli ya mgeni.

Na swali libadilishwe. Badala ya "Mnaridhika?", mwanafunzi aulizwe: kozi hii ilianza tarehe gani, ilikula saa ngapi, alama zilitoka lini, karatasi yako ya mtihani uliiona? Hayo hayajibiwi kwa shukrani. Hayahitaji pesa wala mtaalamu kutoka Kinshasa. Mjumbe wa darasa mwenye daftari anatosha.

Kwa kuwahesabu walioondoka njiani, orodha moja tayari ipo. Mwanzoni mwa mwaka majina ya walioandikishwa L1 yanabandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo ambao kila mwanafunzi wa Kongo anaujua. Baada ya deliberasyo, kikao cha walimu cha kuamua matokeo, karatasi nyingine inabandikwa palepale. Wanafunzi wanasongamana, kila mmoja anatafuta jina lake kwa kidole, na ile karatasi ya kwanza, iliyofifia kwa jua, inabanduliwa ili kupata nafasi.