Uaminifu wa fundi huanzia kwa mwenye nyumba

Kuanzia Kiamunyi hadi Lanet, kuanzia Milimani hadi Langa Langa, kilio cha wenye nyumba mjini Nakuru ni kimoja: mafundi hawaaminiki. Huyu alilipa arbuni na fundi akatoweka. Yule aliwekewa vigae vya bafuni ambavyo vilianza kubanduka kabla ya mwaka kwisha. Mwingine alipakiwa rangi maridadi juu ya ukuta wenye ufa, na mvua ya masika iliponyesha ufa ukarudi pale pale. Tumekisikia kilio hiki hata tukakizoea, na jambo likishazoeleka watu huacha kuuliza sababu yake.

Mimi pia nimo katika orodha ya waliolia. Sisimulii kisa changu ili nionewe huruma, bali kwa sababu mwisho wake ulinifunza jambo ambalo sikulitarajia.

Miaka michache iliyopita niliamua kukarabati jikoni na bafu la nyumba yetu. Kabati zilikuwa zimeoza kwa unyevu, mabomba yalikuwa yakivuja ndani ya ukuta, na nyaya za umeme zilikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wangu. Rafiki ninayesali naye alinipendekezea fundi mmoja, akamsifu kuwa ni mtu mpole na mcha Mungu. Tulipatana shilingi 120,000 kwa kazi yote, vifaa na ufundi pamoja. Hatukuandika chochote. Nilimpa shilingi 70,000 mkononi, tukaagana, nami nikarudi ndani nikijipongeza kwa kumpata mtu wa kuaminika.

Siku tatu za kwanza fundi alifanya kazi kwa bidii ya kupigiwa mfano, yaani alibomoa. Kabati ziling'olewa, sinki ikatolewa, vigae vikapasuliwa. Siku ya nne hakuja. Siku ya tano simu yake haikupatikana. Kwa majuma saba familia yangu ilipika barazani kwa jiko la makaa na kuoga kwa jirani kwa zamu. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno. Alininyamazia tu, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Hatimaye nilimpata katika nyumba nyingine, upande wa pili wa mji, akipigilia dari. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Aliteremka kwenye ngazi, akapangusa mikono yake, akasema: "Mzee, pesa zako sikuzila. Zilimaliza kazi ya mtu mwingine, naye akakataa kunilipa." Nilifuatilia maneno hayo, nikakuta ni ya kweli. Mwenye nyumba aliyenitangulia alikuwa amemzuilia shilingi 45,000 kwa kisingizio kwamba rangi haikumpendeza, na vibarua wawili walikuwa wakimdai fundi ujira wao. Arbuni yangu ililipa deni lile na kununua vifaa vya kumalizia kazi ile. Kazi yangu nayo ilikuwa ikingojea arbuni ya mtu wa tatu.

Simtetei fundi yule. Alichukua fedha za mtu kwa ahadi ambayo alijua hawezi kuitimiza, na huo ni udanganyifu hata kama dhiki ndiyo iliyomsukuma. Lakini je, yule bwana aliyekaa sebuleni kwake chini ya dari mpya, huku akiwa na ujira wa wenziwe mfukoni, tumwiteje? Yeye hatajwi katika malalamiko yetu. Na ilhali ni yeye aliyeanza kuvuta uzi ambao mwisho wake ulifika jikoni kwangu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tunamtafuta fundi mwaminifu kana kwamba uaminifu umeandikwa kwenye paji la uso wake. Tunauliza anasali wapi, ni mtu wa wapi, anajuana na nani. Nathubutu kusema kwamba uaminifu katika kazi ya nyumba hutokana na namna pande mbili zinavyopatana: nani ananunua nini, nani analipa lini, nani anakagua nini kabla ya hatua inayofuata. Mapatano mabaya humharibu hata mtu mwema. Mapatano mazuri humzuia hata yule ambaye moyo wake unayumba.

Tazama, mathalani, jinsi tunavyopatana bei. Mafundi watatu wanaleta makadirio: mmoja shilingi 120,000, wa pili 125,000, wa tatu 80,000. Tunamkimbilia yule wa tatu bila kumwuliza ni kitu gani alichokiacha nje. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Fundi aliyebanwa kupita kiasi hujifidia mahali ambapo macho yako hayafiki. Atapunguza saruji katika lipu, atapitisha waya mwembamba palipohitaji mnene, atabandika vigae kwa vidonge vichache vya saruji badala ya kuijaza sehemu yote ya nyuma. Wewe utayaona hayo mwaka ujao, naye atakuwa amekwisha kuhama.

Katika mji wetu kazi ya kulipualipua ina hatari zaidi kuliko kwingineko. Nakuru imekaa chini ya mlima Menengai, juu ya majivu ya volkeno na mistari ya mipasuko ya Bonde la Ufa. Udongo wa namna hii hudidimia ukilowa maji. Basi bomba linalovuja chini ya sakafu haliharibu rangi peke yake, bali laweza kuulegeza udongo unaobeba ukuta. Na ufa ukutani haufai kuzibwa na kupakwa rangi kabla ya kuulizwa kama umelala au bado unatembea. Njia ya kuuliza ni rahisi mno: weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha ngoja mvua ipite. Ufa ukivuka alama, kazi hiyo si ya mpaka rangi tena, ni ya mhandisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Kwetu sisi yafaa kuongeza kwamba usipoujua ufa utauziba bure.

Kadhalika, wapo wenye nyumba wanaomwamuru fundi aondoe ukuta ili jikoni na sebule ziwe chumba kimoja, kama walivyoona katika picha. Ukuta huo huenda ndio uliobeba paa au ghorofa ya juu. Fundi anayekubali mara moja bila kuuliza wala kupanda darini kutazama, huyo mkimbie. Fundi anayesema, "Mzee, hapa tuite mhandisi kwanza," huyo mshike, hata kama bei yake inauma.

Sheria nayo haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Makandarasi wamepangwa katika ngazi nane, ya kwanza ikiwa ya kazi kubwa kabisa na ya nane ikiwa ya kazi ndogo, na mwananchi anaweza kuhakikisha katika rejista ya mamlaka hiyo kama aliyemleta nyumbani amesajiliwa kweli. Mamlaka hiyo hiyo huwaidhinisha wasimamizi na mafundi wenye ujuzi. Kwa upande wa umeme, leseni hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Kumwomba fundi wa umeme akuonyeshe leseni yake si matusi. Dereva wa matatu huombwa yake barabarani, naye anabeba roho za watu kama anavyozibeba huyu anayepitisha nyaya juu ya kitanda cha mtoto wako.

Hata hivyo, sote twajua kwamba wengi wa wanaotukarabatia nyumba hawamo katika rejista yoyote. Ni vijana wa jua kali waliojifunza kwa kumbebea fundi mkuu ndoo ya saruji. Miongoni mwao wamo mabingwa ambao mikono yao imewapita wengi wenye vyeti. Kwa hao kipimo ni kimoja: kazi yao ya zamani. Usitosheke na picha katika simu. Mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoikarabati angalau mwaka mmoja uliopita, iliyokwisha kupitiwa na masika. Zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo, umwulize maswali mawili: alimaliza lini, na ilipotokea kasoro alirudi? Swali hilo la pili ndilo kubwa, kwa maana hakuna kazi isiyo na kasoro.

Ukishamchagua, andikeni. Najua wapo watakaosema kwamba mikataba ni ya matajiri, na kwamba kumpa fundi wa mtaani karatasi atie sahihi ni kumtilia shaka. Sikubaliani nao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari humlinda fundi kama linavyomlinda mwenye nyumba. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi watosha: kazi itakayofanywa chumba baada ya chumba, aina ya vifaa, nani atavinunua, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza, na malipo yatakavyogawanywa. Wekeni pia sharti kwamba badiliko lolote litaandikwa na bei yake kabla halijafanywa, maana ugomvi mwingi huzaliwa na maneno "ongeza hapa kidogo" yanayosemwa mlangoni mtu akienda kazini.

Kuhusu fedha, nashauri vifaa ununue mwenyewe dukani, ukifuatana na fundi, na stakabadhi zibaki kwako. Ujira ulipwe kwa hatua zinazoonekana: kubomoa na kusafisha, mabomba na nyaya, lipu na vigae, kisha kabati na rangi. Katika kandarasi kubwa ni desturi mwenye kazi kuzuia sehemu ndogo ya malipo, mara nyingi asilimia 5 au 10, hadi muda wa kurekebisha kasoro upite. Hakuna sababu ya desturi hiyo kutofika jikoni kwetu, mradi sehemu hiyo na siku ya kuilipa ziandikwe tangu mwanzo.

Na kabla kazi yoyote haijafunikwa, ikaguliwe. Mabomba yajazwe maji na yakae usiku kucha kabla ya ukuta kuzibwa. Sakafu ya bafu imwagiwe maji ionekane kama yanaelekea kwenye tundu au yanatuama pembeni. Nyaya zipigwe picha kabla ya lipu, ili siku ya kutundika rafu mtu asije akatoboa umeme. Haya hayagharimu chochote ila subira.

Sasa nirudi kwetu sisi wenye nyumba, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Hatua ikikamilika, lipa siku ile ile. Usimwambie mtu aliyeamka alfajiri akatembea kwa miguu kutoka Kaptembwo kwamba benki imefunga. Kasoro ikiwapo, itaje na uiandike, lakini usiigeuze kuwa kisingizio cha kula jasho lake. Shilingi unayomdhulumu fundi leo haipotei. Itachukuliwa kesho kutoka kwa mjane fulani wa Bahati au mwalimu mstaafu wa Njoro ambaye hakukukosea lolote.

Mapatano yakivunjika kabisa, upande wowote ule, pana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Fundi aliyenyimwa ujira ana haki ya kufika pale sawasawa na mwenye nyumba aliyetorokwa. Lakini ahadi iliyotolewa kwa mdomo ni ngumu kuithibitisha, na ndiyo sababu nimeusisitiza ule ukurasa mmoja.

Kwa wakuu wanaohusika nina ombi. Tangu mwaka 1992, serikali ilipochapisha waraka wa bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali, tumesikia ahadi nyingi za kumwinua fundi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ina mitihani ya ufundi inayoweza kumpa cheti mtu aliyejifunza kazini. Kaunti nayo inasimamia vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa nini basi wasishirikiane na Mamlaka ya Ujenzi wakaifikisha mitihani hiyo katika kila wadi, kwa ada ambayo kibarua anaimudu, na majina ya waliofaulu yakabandikwa katika ofisi ya wadi? Kaunti hii ilikuwa na watu 2,162,202 katika hesabu ya 2019, na Nakuru ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Haifai raia wa jiji aendelee kumtafuta fundi kwa kubahatisha.

Ama kuhusu fundi wangu, hatukupelekana popote. Siku ile chini ya dari ya watu niliomba karatasi, tukaketi juu ya marundo ya mbao, tukaandika yaliyobaki: vifaa nitanunua mimi, ujira nitalipa kila hatua, na shilingi 10,000 za mwisho nitazitoa baada ya masika. Alirudi Jumatatu. Alimaliza kwa majuma matatu. Mvua ilipokatika alipita nyumbani, akatazama chini ya sinki, akabana nati moja iliyokuwa ikitona, nami nikamhesabia fedha zake. Alikuwa mtu yule yule aliyenitoroka. Kilichobadilika ni ile karatasi, nayo ningali ninayo.