Nani Amewapa Ruhusa ya Kuwafukuza Watoto Misikitini?

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye aliwabeba watoto begani hali ya kuwa ni Imamu wa umma mzima.

Ama baada ya hayo. Ramadhani iliyopita, katika msikiti mmoja ambao hatutautaja jina, mtoto wa miaka 8 alishikwa sikio na mzee wa safu ya kwanza, akaburutwa mpaka mlangoni, na viatu vyake vikatupwa nje nyuma yake. Kosa lake ni kuivuta “Amina” baada ya Suratul Fatiha kwa sauti ndefu kuliko maamuma wote, kisha akacheka na mwenziwe. Baba yake alikuwa safu ya tatu. Hakusema neno, kwa kumstahi mzee. Tangu usiku ule, kila inapoadhiniwa Ishaa, mtoto yule huumwa na tumbo.

Enyi wazee wetu na wanakamati, tunakuulizeni kwa heshima zote: ni mara ngapi mmekaa baada ya swala ya Ijumaa mkilalamika kwamba vijana wameukimbia msikiti? Wameukimbia, au walifukuzwa? Kijana wa miaka 20 mnayemtafuta leo ndiye yule mliyemtoa kwa sikio miaka 12 iliyopita. Wala mtoto anayetolewa wakati wa tarawehe haendi nyumbani kulala. Huenda kwenye kibanda cha video, na huko hakuna anayemkunjia uso. Husogezewa benchi akakaribishwa.

Hoja wanayoishika wenye kufukuza ni hadithi iliyomo katika Sunan ya Ibn Majah, inayotaka misikiti iepushwe na watoto. Tumeisikia ikisomwa mpaka juu ya mimbari. Hadithi hiyo ni dhaifu. Wameubainisha udhaifu wake wanachuoni wa fani hiyo, tangu al-Busiri wa karne ya 9 Hijria mpaka Sheikh al-Albani aliyefariki mwaka 1999. Na hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Sisi ambao tukisikia hadithi dhaifu katika mambo ya uzushi husimama kidete tukadai sanadi, hii tumeimeza bila ya kuitafuna, kwa sababu imeafikiana na uvivu wetu wa kulea.

Basi na tuyatazame yaliyo thabiti. Amepokea an-Nasai kutoka kwa Shaddad bin al-Had (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka kuswalisha moja ya swala za jioni akiwa amembeba mjukuu wake, Hasan au Husayn. Akamweka chini, akaanza swala. Katika sijda moja alikaa muda mrefu mno, hata mpokezi akainua kichwa kutazama, akamwona mtoto yuko mgongoni kwa Mtume. Baada ya swala Masahaba wakauliza: je, limetokea jambo, au ulikuwa unateremshiwa wahyi? Akawajibu kwamba hapakuwa na lolote katika hayo, bali mwanawe alikuwa amempanda, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Umma mzima umeweka paji la uso chini, unamsubiri mtoto amalize mchezo wake! Imamu wa leo akithubutu hivyo, kamati itakutana usiku huo huo.

Na mama mwenye mtoto mchanga, ambaye kwetu huambiwa abaki nyumbani mpaka mwanawe akue? Katika Bukhari imo kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akikusudia kuirefusha swala, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, asije akamtaabisha mama yake. Aliyefupishiwa mambo ni mama, na wala mtoto hakutolewa.

Kuna pia kisa cha Amr bin Salima (r.a.), ambacho kila mwalimu wa madrasa angekisimulia. Kabila lake liliposilimu baada ya kufunguliwa Makka, walitafuta aliyehifadhi Qur’ani zaidi awaswalishe, wakamkuta ni yeye, mtoto wa miaka 6 au 7. Nguo yake ilikuwa fupi, ikipanda anaposujudu, hata mwanamke mmoja akawataka watu wamsitiri msomaji wao. Wakanunua kitambaa, wakamshonea kanzu. Amr mwenyewe anasema hakuna kitu kilichowahi kumfurahisha kama kanzu ile. Mzazi aliyemwona mwanawe asubuhi ya Idi, kofia imemteremkia masikioni na kanzu inaburura vumbi, anaijua furaha hiyo.

Hatutetei fujo. Mtoto asiyeweza kujizuia haja, au anayekimbia mbele ya wanaoswali, mzazi wake ana wajibu. Na yuko baba anayempeleka mwanawe msikitini ili yeye apumzike barazani. Huyo lawama yake ni kubwa kuliko ya mtoto. Lakini fujo nyingi tunazitengeneza wenyewe. Tunawakusanya wavulana 15 katika safu moja ya nyuma, bila mtu mzima hata mmoja, kisha tunashangaa kwamba wanasukumana. Anas (r.a.) akiwa kijana alisimama pamoja na yatima katika safu moja nyuma ya Mtume (s.a.w.). Watenganisheni, kila mmoja asimame ubavuni mwa baba au jirani, mtaona. Na simu ya mtu mzima inapolia muziki katika rakaa ya pili, mbona hatujamwona aliyeburutwa kwa sikio?

Wengine hujikinga na methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, nao hawakunji, wanavunja. Hadithi iliyomo katika Abu Dawud imetuamrisha tumwamuru mtoto kuswali akiwa na miaka 7, na haikutaja adhabu ila afikapo 10, tena kwa kuiacha swala. Baina ya hapo ipo miaka 3. Kwa swala 5 kila siku, ni zaidi ya mara 5,000 za kuelekezwa kwa ulimi. Mtoto wetu alikuwa bado katika miaka hiyo, na kosa lake lilikuwa kuswali huku akifurahi.

Baba wa safu ya tatu, kumstahi mzee ni adabu, lakini mtoto ni amana yako. Mshike mkono Ishaa ya leo, usimame naye bega kwa bega, na viatu vyake uviweke pamoja na vyako. Nawe mzee wetu, usiingoje kamati. Nyumba ya mtoto ni ya nne kutoka msikitini, nawe unaijua.